Mama mkubwa anaumwa presha, kwa nini daktari anataka mkojo wake?

Mama mkubwa wangu anauza kayabo pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wale sangara wanaopasuliwa wakapakwa chumvi wakaanikwa mpaka wanakuwa wagumu kama ubao, kazi hiyo anaifanya tangu mimi niko darasa la pili na presha anayo mwaka wa tisa sasa. Mwaka huu alivyobadilisha kliniki daktari mpya akamwandikia vipimo viwili, kreatinini kwenye damu, yaani ule uchafu ambao figo zinatakiwa kuutoa, na protini kwenye mkojo, jioni akanipigia simu amechukia kabisa. "Mwanangu mimi naumwa presha, huyu ananipima figo, figo zangu hata haziniumi, si wanatafuta hela tu hawa?" Nikamwambia mayu tulia, huyo daktari yuko sahihi kabisa, na kilichoniuma mimi ni kwamba kule alikokuwa anatibiwa mwanzo miaka yote minane hakuna mtu aliyewahi kumwomba mkojo hata siku moja.

Nikakaa nikamweleza, ikachukua jioni mbili, na nimeona niandike hapa kwa sababu swali lake wanalo watu wengi sana. Huku kwetu ukitaja presha mtu anawaza moyo, au anawaza mawazo, fulani presha imempanda sababu ya ada, sababu ya mume, sababu ya mtumbwi uliozama na nyavu. Moyo ndo unasukuma damu ni kweli, na mawazo yanapandisha presha kweli kabisa, lakini ile presha inayokaa juu wiki kwa wiki mwaka kwa mwaka, umelala iko juu, umefurahi harusini iko juu, hiyo ina mwenyewe anayeipanga na mwenyewe huyo ni figo.

Twende taratibu. Mwili una walinzi wa presha wa aina mbili, wa haraka na wa taratibu, na watu wengi wanawajua wa haraka tu. Ukiwa umechuchumaa unasuuza dagaa ukasimama ghafla, damu inakimbilia miguuni, presha inataka kuanguka, lakini kwenye mishipa mikubwa ya shingo na ule unaotoka kwenye moyo kuna neva zinazosikia mshipa ukilegea, ndani ya sekunde chache ubongo umeshaambia moyo uongeze mapigo na mishipa ijikaze, na wewe hata hujajua kama kuna kitu kimetokea. Ukipanda mlima wa Bugando kwa miguu ni hao hao wanafanya kazi. Sasa mwaka 1973 maabara ya Arthur Guyton kule Mississippi Marekani walichukua mbwa wakazikata hizo neva za shingoni na za kifuani, presha ya wale mbwa ikawa inayumba vibaya, inapaa inaanguka kutwa nzima, lakini walipochukua wastani wa saa 24 wakakuta uko karibu pale pale ulipokuwa mwanzo. Maana yake hao walinzi wa haraka wanazuia presha isiyumbe, ila hawapangi isimame wapi. Alafu wana tabia nyingine, presha ikikaa juu siku moja au mbili wanaizoea, wanaanza kuilinda hiyo hiyo ya juu kana kwamba ndo ya kawaida. Mlinzi wa namna hiyo huwezi kumwachia geti miaka thelathini.

Huyo Guyton mwenyewe alikuwa anasomea upasuaji, polio ikampata mwaka 1946 ikamwachia ulemavu, ndo akageukia kusoma jinsi mwili unavyofanya kazi, na hili swali la nani anapanga presha ya muda mrefu alilikalia sehemu kubwa ya maisha yake. Jibu lake ukilisikia mara ya kwanza linaonekana dogo mno kubeba jambo lote hili. Alisema presha ya mtu itasimama pale ambapo chumvi na maji yanayotoka kwenye mkojo yanalingana na yale anayoingiza mdomoni. Basi. Kila kitu kingine kinapita hapo.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu chumvi ndo inayoshikilia maji mwilini. Kila mtu ameiona ile dripu ya chumvi wanayotundika hospitali, lita moja ya maji ina gramu 9 za chumvi, na haikuchaguliwa hovyo, hicho ndo kiwango ambacho damu yetu inakiruhusu. Ukila gramu 9 za chumvi na figo zisizitoe, utasikia kiu na utakunywa mpaka ile lita moja itimie, kilo moja imeongezeka kwenye mzani, na sehemu ya hayo maji iko ndani ya mishipa inaisukuma. Mishipa ni kama mpira wa maji, ukiongeza maji ndani na bomba la kutolea halijaongezeka, msukumo unapanda, hiyo hata fundi bomba wa Igoma atakwambia.

Sasa figo zenyewe. Ziko mbili, zote kwa pamoja zina uzito kama gramu 300, hazifiki hata asilimia 1 ya mwili wako, lakini katika kila lita 5 za damu ambazo moyo unasukuma kwa dakika, lita moja na kitu inaenda kwao. Huo ni mgao mkubwa ajabu kwa kiungo kidogo hivo, na sio kwamba figo zina njaa kiasi hicho, damu inapelekwa pale ikachujwe. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja, vinaitwa nefroni, na kwa siku moja vinamwaga lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Mia na themanini! Mapipa ya dukani yale ya lita 200, unakaribia kujaza moja kila siku. Ila wewe unakojoa lita moja na nusu hivi. Zilizobaki zote zimerudishwa kwenye damu kidogo kidogo kupitia vijimirija.

Na kwenye hizo lita 180 kuna chumvi, ukipiga hesabu inafika karibu kilo moja na nusu kwa siku. Hapa mama mkubwa alinikatisha, maana yeye chumvi anainunua kwa magunia, anaijua kilo moja na nusu ilivyo mkononi. "Kilo na nusu? Ndani yangu mimi? Kila siku?" Ndio mama, kila siku, inachujwa yote alafu zaidi ya asilimia 99 inarudishwa, kinachotoka kwenye mkojo ni gramu chache tu, sawa na ulizokula. Naomba usimame hapa kidogo kwa sababu ndo penye siri yote. Asilimia 1 ya kilo moja na nusu ni gramu 15. Chumvi ambayo watu wazima wengi duniani wanakula kwa siku ni kama gramu 10 au 11. Kwa hiyo figo ikikosea kidogo tu, ikarudisha chumvi zaidi kwa hata sehemu ya asilimia moja, kosa hilo linaweza kuwa kubwa kuliko kila ulichoweka kwenye chakula siku nzima, na likirudiwa kesho na keshokutwa hakuna moyo wala neva ya kulifunika.

Nani basi anaiambia figo itoe kiasi gani? Wa kwanza kabisa ni presha yenyewe. Presha ikipanda, figo inatoa chumvi na maji mengi zaidi, ikishuka inabana. Nilipomweleza mama mkubwa hili nilimwonyesha ziwa, maana tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba yake na maji yanaonekana. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa mto kutokea, kule Jinja Uganda, Nile inapoanzia. Zamani palikuwa na mwamba, ziwa likipanda maji yanapita juu ya mwamba kwa wingi, likishuka yanapita machache, na hata bwawa la umeme la Owen Falls lilivyokamilika mwaka 1954 walikubaliana maji yaachiwe kwa kufuata kina cha ziwa vile vile kama mwamba ulivyokuwa unafanya. Najua maji mengi ya ziwa huondoka kwa jua, sio kwa mto, lakini ule mlango una sifa moja ninayoitaka hapa, jinsi ziwa linavyopanda ndivyo linavyotoka. Mvua zile za 1961 mpaka 1964 zilipandisha ziwa zaidi ya mita 2 na mto nao ukaongezeka, na 2020 watu wa ufukweni wanakumbuka maji yalivyoingia mpaka majumbani. Sasa fikiria mtu amekwenda Jinja usiku akaujenga ule mwamba uwe juu zaidi kwa mita moja. Mvua ni zile zile, mito ni ile ile, Simiyu inaleta maji yake, Kagera inaleta yake, lakini ziwa litajaa mpaka lipate kina kipya ambacho maji yanaweza kutoka kama mwanzo, na litakaa hapo. Huku Mwanza utaona maji yamepanda utasema mvua imezidi, kumbe tatizo liko kwenye mlango wa kutokea.

Hiyo ndo presha ya kupanda ya muda mrefu. Figo imepandisha mwamba. Na mtu wa presha akishafika kwenye kiwango chake kipya anakojoa chumvi sawa sawa na anayokula, kama wewe tu, ukimpima mkojo wa siku nzima hutaona tofauti, tofauti ni kwamba yeye anahitaji 170 ili aweze kutoa kile ambacho wewe unakitoa kwa 115. Mwili haujakosea hesabu ya chumvi, hesabu inafunga vizuri kabisa, bei ya kuifunga ndo imepanda, na bei hiyo inalipwa na moyo, na ubongo, na macho, na mwisho figo zenyewe.

Kuna watu husema hapana, presha inapanda kwa sababu mishipa imebana, na sio uongo, ukimpima mgonjwa wa presha wengi mishipa yao imejikaza kweli. Ila angalia mfano huu ambao Guyton alipenda kuutumia. Mtu akikatwa mguu, kwa mfano wa sukari au ajali ya bodaboda, njia nzima ya damu imeondolewa, damu ina mahali pachache pa kupita, upinzani wa mishipa kwa ujumla wake unapanda. Kwa hesabu ya mishipa peke yake angetakiwa awe na presha ya juu maisha yake yote. Lakini hapati presha kwa sababu hiyo, kwa kuwa figo zake ziko vile vile, presha ikitaka kupanda zinatoa chumvi na maji mpaka inarudi. Mishipa ikibana mwili mzima lakini ya figo ikaachwa, figo itashinda. Mishipa ya figo nayo ikibana, hapo sasa umepandisha mwamba wa Jinja. Mjadala haujaisha, wako wanasayansi wanaosema neva na ubongo na kuta za mishipa zina sauti kubwa kuliko alivyodhani Guyton, na mimi nadhani wana hoja, lakini hata neva hizo kazi yao kubwa ya muda mrefu zinaifanya kwa kuibana figo.

Sasa figo sio mwamba uliokaa tu, inaweza kujishusha na kujipandisha yenyewe, na inafanya hivo kwa homoni. Mwaka 1898 Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman kule Stockholm walisaga figo ya sungura, wakachukua maji yake wakamdunga sungura mwingine, presha ikapanda. Wakaita hicho kitu renini. Watu hawakukijali sana mpaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland alipobana kidogo kwa vibanio mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa na mbwa akawa na presha ya kudumu. Figo ilikuwa inapata damu kwa msukumo mdogo, ikaamini mwili mzima una presha ndogo, ikafanya kila njia kuipandisha.

Njia yenyewe iko hivi. Figo ikihisi msukumo umepungua au chumvi inayopita kwenye vijimirija ni kidogo inamwaga renini kwenye damu. Renini inakutana na protini iliyotengenezwa na ini inaikata, kinachopatikana kikipita kwenye mapafu kinakatwa tena na kimeng'enya kingine, inatoka angiotensini. Hiyo ndo kali. Inabana mishipa, inaiambia figo irudishe chumvi, inakuletea kiu, na inaziambia tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia zitoe aldosteroni ambayo nayo inaiambia figo irudishe chumvi tena zaidi. Ini, mapafu, tezi, kiu, vyote kwa ajili ya chumvi tu! Ukiangalia mababu zetu waliishi wapi unaelewa, chumvi ilikuwa adimu, watu wa bara walisafiri siku nyingi kuifuata, mwili uliojua kuishikilia ndo uliofika salama.

Na mfumo huo ndo unaofanya mtu mwenye figo nzima ale chumvi nyingi leo kidogo kesho na presha yake isisogee sana. Akila nyingi renini inazimwa, figo inaachia. Akila kidogo renini inawashwa, inabana. Kwa hiyo yule kijana anayesema "mimi nakula chumvi sana na sina presha" hasemi uongo, mfumo wake bado unazimika vizuri. Shida ni wale ambao hauzimiki vizuri, na wanaongezeka na umri, na uzito, na sukari, na figo zilizochoka, kwao kila kijiko kinaonekana kwenye mashine.

Kuna utafiti mmoja naupenda kwa sababu ni wa ziwa hili hili letu, upande wa kaskazini. Ulichapishwa mwaka 1990, walifuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Kijijini watu walikuwa wanakula chumvi kidogo na madini ya potasiamu kwa wingi, walipofika mjini mkojo wao ukaonyesha chumvi imepanda potasiamu imeshuka, na ndani ya miezi ya mwanzo tu presha zao zilikuwa tayari zimewapita wa kijijini. Watu wale wale, damu ile ile, kilichobadilika ni maisha na chakula. Na miaka miwili kabla ya hapo, 1988, utafiti mwingine uliopima watu zaidi ya 10,000 katika nchi 32 uliwakuta Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao chumvi hawaijui kabisa, wana presha kama 96 kwa 61 na haipandi wakizeeka. Sisi tumezoea kusema presha ni ya uzee.

Potasiamu hiyo isikupite. Ikiingia kwa wingi inaiambia figo iachie chumvi, inafanya kazi kama kidonge kidogo cha kukojoza. Na iko wapi? Iko kwenye viazi vitamu, ndizi, maharage, mchicha, iko kwenye michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ambayo bibi zetu walikuwa wanatufungia tukienda shule na sisi tukaona ni chakula cha shida tukahamia chipsi. Ila mtu ambaye figo zake zimeshachoka asikimbilie potasiamu, kwake inaweza kujaa kwenye damu ikasimamisha moyo, aulize daktari wake kwanza, na hiyo ni sababu nyingine ya kupima kreatinini.

Mama mkubwa aliniuliza swali ambalo sikulitegemea, kama chumvi anayoishika kutwa nzima inamwingia kupitia mikono. Hapana, ngozi nzima haipitishi chumvi ya maana. Kinachomwingia ni kile anachokula, na mwenye kayabo anakula kayabo, tena wakati mwingine anamtupia kwenye mchuzi bila kumloweka na bado anaongeza chumvi ya mezani. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha yote iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti. Kipande cha kayabo kisicholowekwa kinaweza kuimaliza peke yake.

Sasa figo inaharibikaje mpaka ipandishe mwamba? Mara nyingi ni pole pole, sukari, unene, kurithi, na presha yenyewe. Hapo ndo pabaya. Presha ikipanda inapiga vile vichujio vidogo, kuta zinakakamaa, vingine vinakufa, vilivyobaki vinabeba mzigo wa waliokufa, figo yenye vichujio vichache inahitaji presha kubwa zaidi ili itoe chumvi ile ile, presha inapanda tena, inaua vingine. Na hakuna maumivu. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake na anabeba ndoo ya dagaa kichwani kama kawaida. Dalili ya mapema ni protini inayovuja kwenye mkojo, kichujio kimetoboka kinapitisha kisichotakiwa, na huioni kwa macho mpaka ipimwe. Ndo maana daktari alitaka mkojo mama, sio figo zilizomuuma, ni figo zisizoweza kusema.

Na kuna kitu kimoja kinanikera hasa kwa watu wa Mwaloni, wabeba mizigo, wavuvi, akina mama wa kuanika, mgongo ukiuma ni diklofenaki, kesho diklofenaki, inanunuliwa duka lolote kama pipi. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni nayo imo, zinazuia figo isiachie chumvi, zinapunguza damu inayoingia kwenye vichujio, zinapandisha presha, na zinaharibu kazi ya dawa za presha unazomeza. Mama mkubwa alikuwa anameza karibu kila usiku. Miaka minane daktari anaongeza dozi ya presha, na hakuna aliyemuuliza unameza nini kingine, na yeye hakujua kama kinahusika.

Mtu akiniambia bado haamini kwamba figo ndo wenye neno la mwisho, huwa namweleza habari ya kupandikiza. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa 6 ambao presha ilikuwa imeua figo zao kabisa, wakatolewa figo za zamani wakapewa figo za watu wasio na presha. Miaka ilipita, presha zao zikawa za kawaida bila dawa za presha. Moyo ni ule ule, mishipa ile ile iliyopigwa miaka yote, mawazo ya maisha yale yale. Wamebadilishiwa mlango wa Jinja tu. Na kwa panya imefanywa mara nyingi, ukichukua figo ya panya mwenye presha ukampa asiye nayo, presha inahamia na figo.

Ukishaelewa hapo, dawa nazo zinaeleweka. Kile kidonge cha kukojoza, haidroklorothiazaidi, kinafunga mlango mmoja mdogo kwenye kijimirija unaorudisha kama asilimia 5 ya chumvi, na unakumbuka hesabu yetu, asilimia 1 tu ni gramu 15, kwa hiyo hata kuuziba nusu nusu kunatosha kushusha mwamba. Siku za kwanza unakojoa sana, baadae mkojo unarudi kawaida na watu wanasema dawa imeisha nguvu, hapana, umefika kwenye kina kipya cha chini na dawa ndo inakushikilia hapo. Kaptoprili na ndugu zake wanazuia ile angiotensini isitengenezwe, na ilipatikana kwa kufuata sumu ya nyoka wa Brazil ambaye akimuuma mtu presha inaanguka, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Losartani inaacha angiotensini itengenezwe ila inaiziba isipate pa kukaa, na haileti kile kikohozi kikavu cha kaptoprili na enalaprili. Hizi mbili zinapunguza pia msukumo ndani ya kichujio chenyewe, protini inapungua kuvuja, ndo maana mwenye protini kwenye mkojo huwa anapewa hizi. Mjamzito asiziguse, zinamuumiza mtoto tumboni.

Majibu ya mama mkubwa yalitoka, kreatinini imepanda kidogo, protini ipo. Sio vizuri ila sio mwisho, vichujio bado anavyo vya kulinda. Daktari akambadilishia, losartani pamoja na ile ya kukojoza, diklofenaki akapigwa marufuku. Kayabo saizi analoweka usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili, na siku nyingi anapika sato mbichi, analalamika hana ladha, namwelewa. Baada ya miezi mitatu ikasoma 136 kwa 82, akafurahi sana, na swali likaja lile lile la kila mtu, sasa imeshuka, si niache dawa?

Nikamwonyesha ziwa tena. Nikamwambia mama, mwamba kule bado uko juu, tumeweka mtu anaushikilia chini kila asubuhi, akiondoka leo maji yataanza kupanda wiki hii hii na wewe huku ufukweni hutasikia kitu. Akanyamaza akaangalia maji muda mrefu. Alafu akauliza mkojo anarudia lini, nikamwambia mwezi wa kumi tarehe nne, akaniambia nimwandikie kwenye kalenda kwa wino mwekundu.